Kipuri kidogo chafundisha hesabu kubwa: Yaliyoyapata magari ya mbao na somo kwa fundi na mkulima

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo wakulima na wafanyabiashara wengi wameisikia tangu utotoni, lakini ni wachache wanaoiwekea hesabu. Huko Marekani na Uingereza iko biashara moja ndogo ambayo hesabu hiyo inaonekana wazi, nayo ni biashara ya vipuri vya magari ya zamani yenye bodi ya mbao. Miongoni mwa vipuri hivyo kimo kizuizi cha mlango, yaani mkanda au chuma kifupi kinachouzuia mlango wa gari usifunguke kupita kiasi. Ni kipande kinachoweza kutiwa mfukoni. Kikikatika na kuachwa hivyo hivyo, mwenye gari hujikuta akilipia mwimo mzima wa mbao.

Mwaka 2025 biashara hiyo ilikumbwa na mabadiliko ya sheria za forodha ambayo hayakuwalenga watengenezaji wa vipuri vya magari ya kale hata kidogo, lakini yaliwagusa moja kwa moja. Yaliyowapata yanastahili kuangaliwa kwa makini na fundi wa Gerezani, mwenye karakana wa Mwanza na mkulima mwenye trekta kuukuu kule Mbozi, kwa sababu wote wanategemea vipuri vya mashine ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza.

Magari yenyewe

Kabla ya bati kutawala, bodi nyingi za magari zilitengenezwa na maseremala. Kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kuuza gari la mizigo midogo na abiria lenye bodi ya mbao mwaka 1929. Mbao zake zilitoka katika misitu ya kampuni yenyewe kaskazini mwa jimbo la Michigan, na kiwanda chake cha mbao kilikuwa katika mji wa Iron Mountain. Ford hawakutupa hata mabaki, kwani vipande na maranda vilichomwa na kushindiliwa kuwa mkaa wa vitofali, ukauzwa. Mkaa huo ndio chimbuko la chapa ya Kingsford inayojulikana hadi leo nchini humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 magari ya namna hiyo yalikoma kutengenezwa, kwa kuwa bati lilikuwa rahisi zaidi kwa uzalishaji wa wingi na halikuhitaji kupakwa vanishi kila mara.

Uingereza yalidumu zaidi. Gari la Morris Minor aina ya Traveller, lenye fremu ya nyuma ya mti wa ashi, lilianza kuuzwa mwaka 1953 na kukoma mwaka 1971, baada ya kutengenezwa zaidi ya magari 200,000. Fremu ile si pambo, kwani ndiyo inayobeba paa na kuta za nyuma. Ikioza, gari halifai tena barabarani.

Magari hayo sasa yana umri wa zaidi ya miaka 50, na yale ya Marekani yamepita 70. Wenyewe wanayatunza kwa mapenzi na pia kwa faida, maana gari lililokamilika lina bei nzuri sokoni. Lakini kiwanda kilichoacha kutengeneza gari huacha pia kutengeneza vipuri vyake. Ndipo pengo linapobaki kwa mafundi wadogo.

Kazi ya kizuizi cha mlango

Katika magari ya mwanzo kizuizi kilikuwa mkanda wa ngozi, au wa kitambaa kigumu kilichotiwa mpira. Ncha moja ilifungwa kwenye mlango, ya pili kwenye mwimo. Baadaye kikaja chuma chenye kipande cha mpira cha kupunguza kishindo.

Umuhimu wake unaeleweka kwa hesabu ya wenzo. Tuchukue mlango wenye upana wa sentimita 90, na mkanda umefungwa sentimita 9 kutoka kwenye bawaba. Upepo ukiusukuma ukingo wa mlango kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10, mkanda hubeba nguvu mara 10 ya hiyo, yaani kilo 100. Mkanda ukiwa haupo, mzigo huo huangukia bawaba na skrubu zake. Chuma cha bawaba hakipindi, kwa hiyo mbao ndiyo inayosalimu amri. Skrubu hung'oka na kuacha matundu yaliyopanuka, au mwimo hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Maji ya mvua huingia katika ufa huo, na uozo huanza ndani pasipoonekana.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi haanzi kwa kufunga mkanda mpya. Kwanza huuchunguza mwimo kwa ncha ya kisu ili kujua kama mbao bado ni ngumu. Matundu yaliyolegea huzibwa kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi, kisha hutobolewa upya kwa keekee nyembamba ili skrubu isipasue mbao. Pale panapowezekana, bolti yenye washa pana hutumika badala ya skrubu, kwa kuwa hugawa mzigo kwenye eneo kubwa zaidi. Skrubu za chuma kitupu huepukwa, maana hushika kutu na kuiharibu mbao inayozizunguka.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kukata mkanda mpya kwa kuufuata urefu wa ule wa zamani. Mkanda wa zamani umekwisha kuvutika. Ukinakiliwa, unanakiliwa pamoja na ubovu wake. Kipimo sahihi hupatikana kwa kuufungua mlango taratibu hadi kabla ukingo wake haujagusa bati la mbele na kabla bawaba haijafika mwisho wake, kisha kupima nafasi iliyopo. Na kama mkanda ni wa ngozi, huvutwa kwanza kwa uzito kabla ya kukatwa, ili usirefuke baada ya kufungwa.

Kwa nini bei ni kubwa

Mteja akiona kipande kidogo kama hicho kinauzwa kwa bei inayokaribia ya tairi, huona ameibiwa. Hesabu inaonyesha vingine.

Tuchukue mfano wa kizuizi cha chuma kinachohitaji kalibu ya kukikunja na kukitoboa, na kalibu hiyo inagharimu dola 2,000. Malighafi na ujira kwa kila kipande ni dola 6. Kama soko zima lina wateja 1,000, kila kipande kinabeba dola 2 za kalibu, na gharama yake ni dola 8. Kama wateja ni 100 tu, kila kimoja kinabeba dola 20, na gharama inafika dola 26 kabla ya faida. Kipande ni kile kile na chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya wanunuzi.

Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi husahau wanapoamua kutengeneza kipuri kwa kuona tu kwamba dukani kinauzwa ghali. Bei kubwa inaweza kuwa dalili kwamba soko ni dogo, wala si ushahidi kwamba muuzaji anapata faida nono. Fundi akiingia naye katika soko la wateja 100, wale wanagawanywa kwa wawili, na huenda wote wawili wasirudishe gharama ya kalibu.

Sri Lanka ilivyopata nafasi

Hata hivyo, nafasi ipo kwa anayepanga vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Charles Ware, aliyekuwa na karakana ya Morris Minor katika mji wa Bath, alishirikiana na mfanyabiashara wa Sri Lanka, Dhanapala Samarasekara, kuanzisha kampuni iliyoitwa Durable Car Company. Kampuni hiyo ilitengeneza nchini Sri Lanka bati za bodi na vipuri vingine vya Morris Minor kwa ajili ya wateja wa Uingereza.

Wengi wangedhani kilichowasaidia ni ujira mdogo peke yake. Ujira ulisaidia, lakini Sri Lanka ilikuwa na jambo jingine: magari ya Morris Minor yalikuwa bado yanatembea katika barabara zake, na mafundi walikuwa hawajasahau namna ya kuyakarabati kwa mkono. Ujuzi ambao Uingereza ulikuwa umeanza kuonekana wa kizee, kule ulikuwa kazi ya kila siku. Mshirika wa Uingereza naye alileta vitu viwili ambavyo fundi wa mbali hawezi kuvipata kirahisi, navyo ni vipimo vinavyokubalika na mteja wa uhakika.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa Afrika Mashariki. Umaskini wa nchi haumfanyi mtu ashindwe kuuza kipuri kwenye nchi tajiri. Kinachomshinda ni kutokuwa na kipimo kinachofanana kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mia, na kutokuwa na mtu wa kukinunua kwa jumla.

Msukosuko wa mwaka 2025

Kwa miaka mingi mtengenezaji mdogo aliyeuza Marekani alinufaika na msamaha wa forodha kwa vifurushi vya thamani ndogo. Kuanzia mwaka 2016 kiwango cha msamaha huo kilikuwa dola 800. Mtu wa Uingereza aliweza kutia mkanda wa mlango katika bahasha, akaupeleka posta, na mteja wa California akaupokea bila ushuru wala wakala.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliusimamisha msamaha huo, kwanza kwa bidhaa za China na Hong Kong kuanzia Mei 2, kisha kwa nchi zote kuanzia Agosti 29. Mashirika mengi ya posta hayakuwa yamejiandaa kukusanya ushuru huo. Umoja wa Posta Duniani uliripoti Septemba mwaka huo kuwa mashirika 88 yalisimamisha baadhi ya huduma zao za kwenda Marekani au zote, na kwamba mizigo ya posta iliyokuwa ikielekea huko ilishuka kwa asilimia 81 siku sheria ilipoanza, ikilinganishwa na wiki moja kabla. Ulaya nayo haikubaki nyuma. Desemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kutoza yuro 3 kwa bidhaa zilizo katika vifurushi vya thamani isiyozidi yuro 150, kuanzia Julai 1, 2026.

Mlengwa mkuu wa hatua hizo alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mtandaoni anayetuma mamilioni ya nguo na vifaa vya bei ya chini. Lakini sheria haitazami kilichomo ndani ya bahasha. Na kwa muuzaji mdogo kinachoumiza zaidi si kiwango cha ushuru bali gharama ya makaratasi, ambayo haipungui hata mzigo ukiwa mdogo.

Tuchukue mfano mwingine. Kipuri ni dola 30 na posta ni dola 15, jumla dola 45. Ukiwekwa ushuru wa asilimia 10, unaongezeka kwa dola 3 tu. Lakini wakala wa forodha akidai dola 20 kwa kila kifurushi, mteja analipa dola 68. Ushuru umeongeza dola 3, makaratasi yameongeza 20. Sasa vipande 10 vikitiwa katika kifurushi kimoja kwa duka moja, thamani ni dola 300, posta dola 40, ushuru dola 30, na wakala ni dola 20 zile zile. Jumla ni dola 390, sawa na dola 39 kwa kipande.

Matokeo yake ni rahisi kuyabashiri. Anayeuza kimoja kimoja kwa wateja wa mbali atabanwa. Anayeuza kwa jumla kwa duka lililoko kwenye nchi ya mteja atasalimika. Duka hilo litachukua sehemu yake ya faida, na hapo mtengenezaji atalazimika kuamua kati ya faida kubwa kwa kipande na uhakika wa soko.

Mbao nazo zinaadimika

Wakati huo huo, mti wenyewe uko hatarini. Mwaka 2002 iligundulika kuwa mdudu wa kijani kutoka Asia anayetoboa miti ya ashi ameingia Michigan, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti Amerika Kaskazini. Uingereza ulithibitishwa mwaka 2012 ugonjwa wa ukungu unaoikausha miti hiyo hiyo, na wataalamu wa misitu huko wamekadiria kuwa hadi asilimia 80 ya miti ya ashi inaweza kupotea. Kwa muda mfupi miti inayokatwa kwa sababu ya ugonjwa huongeza mbao sokoni. Kwa muda mrefu mambo hugeuka, kwa sababu mti wa mbao nzuri huchukua miongo kadhaa kukomaa.

Kwa mwenye gari, hilo linaipandisha thamani ya kizuizi cha mlango. Kadiri mwimo unavyokuwa ghali kuupata, ndivyo mkanda unaoulinda unavyostahili kubadilishwa mapema. Anayeijua mninga na mvule, na anayekumbuka bei zake za zamani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Yanavyotuhusu

Hakuna sababu ya kumshawishi fundi wa Tanzania au Kenya akimbilie kutengeneza mikanda ya magari ya Marekani. Soko hilo ni dogo, liko mbali, na tayari lina wenyewe. Somo lililopo ni la hesabu, na linatumika hapa hapa nyumbani kwa njia nne.

Kwanza, ni matengenezo ya mapema. Malori mengi yanayobeba mazao yana bodi za mbao, na magari ya abiria ya mbao ya Unguja yamebeba watu na ndizi kwa miongo mingi. Mnyororo wa mlango wa nyuma wa lori hufanya kazi ile ile ya mkanda. Ukikatika, mlango huanguka kwa uzito wake wote na kuzivuta bawaba hadi ubao unapasuka. Mnyororo na bolti zake ni gharama ya siku moja. Ubao wa mninga, seremala na siku ambazo lori limelala wakati wa mavuno ni hasara ya msimu.

Pili, ni vipuri vya mashine zetu wenyewe. Trekta za Massey Ferguson 135 bado zinalima katika mashamba mengi, na Land Rover za zamani bado zinafika vijijini, ilhali kiwanda cha Solihull kilimaliza kutengeneza Defender Januari 2016. Hapa wateja wako karibu, hakuna bahari wala wakala wa forodha katikati, na mafundi wanazijua mashine hizo kama mafundi wa Sri Lanka walivyoijua Morris. Kabla ya kulipia kalibu, fundi ahesabu kwanza: mashine za aina hiyo ziko ngapi wilayani, kipuri hicho huharibika kila baada ya muda gani, na ni duka gani litakubali kukinunua kwa dazeni. Ofisi za SIDO mikoani ni mahali pa kuulizia habari za kalibu na mafunzo kabla fedha hazijatumika.

Anayetaka kuvuka mpaka wa jirani naye aijue njia nyepesi. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo, kwa mizigo ya thamani isiyozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa. Makaratasi yakipungua, kipuri cha bei ndogo kinaweza kuubeba mzigo wa safari.

Tatu, ni malighafi. Mkanda wa ngozi unaodumu hutokana na ngozi nene isiyo na makovu, iliyosindikwa kwa dawa ya magome. Ukanda wetu una ng'ombe wengi, na Njombe kuna kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya dawa ya magome hayo hayo. Lakini ngozi nyingi huharibiwa kwa chapa ya moto iliyopigwa ubavuni na kwa kisu cha mchunaji asiye makini. Mfugaji anayepiga chapa sehemu za chini za miguu au shingoni hapotezi kitu, na ngozi yake inabaki na sehemu kubwa safi inayoweza kukatwa mikanda, iwe ya magari, ya mashine za kusaga au ya viatu.

Nne, na pengine iliyo muhimu kuliko zote, ni kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao hupotea hivyo hivyo. Kiwanda kinapofungwa, anayebaki na thamani ni yule aliyeandika vipimo vya kipande kipya kabla hakijavutika, kulika au kupinda. Karakana inayoweka daftari lenye mchoro, urefu, unene na aina ya chuma au ngozi, pamoja na sampuli moja isiyotumika iliyotundikwa ukutani, inaweza kutengeneza kipande kile kile mwaka huu na baada ya miaka 10, hata kama fundi wa kwanza amekwisha kuondoka.

Mabadiliko ya forodha ya mwaka 2025 yameonyesha kuwa soko la mbali linaweza kufungwa kwa uamuzi wa siku moja, bila muuzaji mdogo kuulizwa. Mwenye daftari, sampuli na mteja wa karibu huyumba, lakini haanguki. Asiye navyo atabaki akinakili mkanda uliokwisha kuvutika, na kushangaa kwa nini mlango bado unagonga bati.